Sukari ya Mgonjwa

Jumatano jioni shirika lilikusanyika kwa mzee Ignace. Baada ya Injili na kabla ya wimbo wa mwisho, wakafika kwenye wagonjwa. Mzee Ignace alikuwa mwalimu mstaafu, na alitaja majina ya wagonjwa kwa sauti ileile aliyoitia wanafunzi darasani. Kulikuwa na mzee mmoja wa presha. Kulikuwa na bibi Eulalie, aliyeteleza kwenye ngazi za udongo akavunjika mguu.

"Na mutoto wa Papa Venant na Maman Marcelline," akamalizia, macho yake yakiwa juu ya msalaba ukutani.

Marcelline alikuwa amekaa palepale, kwenye benchi la mbele. Asubuhi ile alikuwa amemwona mtoto wake akipanda kilima na bidoni mbili za maji bila kupumzika njiani. Aliangalia viatu vyake.

Asiyeijua Bukavu aambiwe hivi: shirika ni majirani Wakatoliki wa kona moja ya kilima, wanaosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Padri yuko mbali, shirika liko mlangoni. Ukitaka kubatiza, kuoa au kuzika, parokiani utaulizwa kwanza shirika lako linasemaje. Kwa hiyo jina likishatajwa pale, limetajwa, na hakuna wa kulifuta isipokuwa shirika lenyewe.

"Anagonjwa nini?" aliuliza mama mmoja aliyechelewa kufika, akapigwa kiwiko cha ubavu na jirani yake.

"Tutaenda kumuona Jumamosi," alisema Maman Domitille. "Kila mutu alete kitu kidogo. Mimi nitaleta sukari."

Domitille alikuwa mjane mwenye rozari ndefu na sauti ndefu zaidi. Katika mambo ya wagonjwa hakuna mtu wa shirika aliyethubutu kumpinga, maana aliwaosha, aliwalisha, na waliposhindwa kupona aliwafumba macho. Ndiye aliyemwomba Ignace aliongeze jina lile. Watu wote waligeuka kumtazama Marcelline, wakisubiri.

"Aksanti," alisema Marcelline.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijilaumu kwa neno lile. Aksanti ya nini? Mtu anakuzulia ugonjwa ndani ya nyumba yako, nawe unashukuru!

Gloire alikuwa ukumbini, amejifunga kikwembe cha mama yake, akichambua maharage. Ana miaka ishirini na mmoja. Alibatizwa Destin Gloire. Miaka yote watu walitumia jina la kwanza, na tangu Pasaka yeye mwenyewe anaomba watumie la pili. Siku hiyo ya Pasaka alitoka chumbani akasema kwamba yeye ni binti, amekuwa binti siku zote, na hana nguvu tena ya kuigiza. Habari yenyewe ni hiyo tu. Mengine yote yanayosemwa kilimani, majirani waliyaongeza wenyewe bila kuombwa.

Marcelline alimweleza yaliyotokea. Gloire alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Baliniweka mu wagonjwa? Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya Eulalie."

"Basi Eulalie atapona mbele yangu. Mufupa unaungaka." Kisha kicheko kikaisha, akainama kuokota maharage moja moja. "Maman, wewe ulisema nini?"

Marcelline alijifanya hakusikia. Aliuchukua ungo akaingia ndani.

Nje, kwenye ukuta wa mbao, ulining'inia ubao mweusi. Gloire alikuwa na diploma ya taifa ya sekondari na kichwa cha hesabu, na kila alasiri watoto wa mtaa walikaa chini ya ubao ule akawafundisha. Wazazi walilipa walichokuwa nacho, pengine unga, pengine ahadi. Baada ya Pasaka watoto walianza kupungua. Huyu ana kikohozi, yule ametumwa sokoni. Mwisho akabaki mwalimu peke yake, na hesabu ya mwisho bado iko pale kwa chaki, haijajibiwa na mtu.

Venant alirudi kutoka kazini giza halijaingia. Alikuwa mlinzi wa geti katika nyumba moja kubwa ya mtaa wa Muhumba, mtu wa maneno machache ambaye alizoea kufungulia wengine na kurudi nyuma. Alipoambiwa habari ya shirika hakukasirika. Hilo ndilo lililomwogopesha mkewe.

"Bakuye," alisema, akivua viatu. "Baombe Jumamosi. Jumatatu Hugues anapita na lori. Nimekwisha kuongea naye. Chenye maombi itabakisha, mashimo ya Kamituga itamaliza."

Hugues ni mdogo wake, mchuuzi wa dhahabu ndogo ndogo huko Kamituga, ambako watu hushuka ardhini kwa kamba na tochi.

"Venant, kule shimo inaangukiaka bantu," alisema Marcelline.

"Inaangukia banaume. Na bengine banatokaka. Bakitoka, banakuwa bantu."

"Na siku bale banaume batajua vile iko? Batamufanya nini?"

Venant alikuwa ameliwaza hilo pia, akiwa peke yake getini, akalisukuma kando. Alianza kupangusa matope ya viatu kwa kijiti, kwa bidii kubwa.

Gloire alisimama mlangoni. Sauti yake haikupanda.

"Papa, nitapanda ile lori, sababu ni wewe umesema nipande. Lakini sitafika Kamituga. Nitashuka njiani, na hamutanisikia tena. Siko nakutisha. Niko nakuambia sasa, ili usikuye kusema sikukuambia."

Alikuwa mtoto asiyesema uongo, hata alipokuwa mdogo na uongo ungemwokoa na fimbo. Wote wawili walijua hivyo. Marcelline hakulala vizuri siku zile, maana Jumatatu ilikuwa inakuja na lori lake, na yeye hakuwa na kitu cha kuizuia.

Alhamisi Marcelline alikuwa sokoni akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Mama mmoja mteja wake wa siku nyingi aliinamia beseni, akapeleka mkono, kisha akaurudisha. "Nyumbani bote bazima?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Marcelline alimwambia wote ni wazima. Mama yule alinunua kwa jirani, samaki walewale wa ziwa lilelile. Na huko Muhumba, dereva wa bosi alishusha kioo cha gari mbele ya geti na kumuuliza Venant kama "ule binti mwenye ndevu" ameshapata mchumba. Venant alifungua geti, akasimama wima mpaka gari lilipopita, maana ndiyo kazi yake.

Jumamosi baada ya mvua walikuja kwa mstari kwenye kinjia chembamba, mwavuli mmoja kwa watu wawili, vikwembe vimekunjwa juu ya matope. Domitille alitangulia na pakiti ya sukari mikononi. Nyuma yake walikuwa na sabuni, ndizi na chupa ya juisi ya marakuja. Ignace alifunga mstari na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki.

Shirika lile lina desturi yake ya kuona wagonjwa, na Domitille ndiye mlinzi wake. Mgonjwa huulizwa anasikia nini. Akianza kusema hakatizwi, hata akisema maneno ya ajabu, kwa sababu homa nayo ina haki ya kusema. Ndipo huombewa, na mwishowe mwenye nyumba husimama kushukuru na kueleza mgonjwa anaendeleaje. Wamefanya hivyo miaka mingi, kwa matajiri na kwa walevi.

Mlangoni walimkuta Gloire na beseni la nguo mbichi kichwani.

"Karibuni, bamaman. Karibu, mwalimu."

"Aksanti, mwanangu," alisema yule mama wa kuchelewa, ambaye hata siku ile hakuwa ameelewa vizuri. "Mugonjwa iko wapi?"

"Ni mimi, maman."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye beseni, yakamwingia Gloire mabegani. Mama yule alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akitafuta bandeji.

"Bon," alisema Domitille. "Ukae."

"Niko natia chai ku moto."

"Mugonjwa hatengenezake chai. Kaa."

Gloire akakaa. Alipewa kiti cha baba yake, chenye mto. Mama mwingine, kwa mazoea tu, alichukua blanketi kitandani akamfunika magoti, ingawa jua lilikuwa limetoka na bati lilikuwa linawaka. Wageni walijibana kwenye mabenchi. Marcelline alishughulika na vikombe, akiwa na hasira na aibu, hakujua ni ipi iliyozidi. Venant alibaki nje karibu na dirisha, amesimama kama yuko kazini.

"Unasikia nini?" aliuliza Domitille.

Gloire aliliangalia blanketi. Pengine angejibu kwa mzaha, kama kawaida yake. Lakini kwa wiki nyingi watu walikuwa wamesema juu yake, na huyu ndiye wa kwanza kumuuliza.

"Mwili iko muzima, maman. Hakuna fasi inauma. Nitawaambia tu kitu moja. Mu kwaya, mukubwa akisema 'banaume, simameni', miguu yangu ilikuwa inasimama, mimi nabaki nimekaa. Tangu niko mutoto. Kila fasi banaita banaume, mwili unaenda, mimi nabaki. Nilichoka kujiacha nyuma."

"Mwanangu," alianza Ignace, akitoa Biblia kwenye plastiki, "Maandiko iko wazi. Mungu alipoumba..."

"Mwalimu," alisema Domitille. "Mugonjwa iko anasema."

Ignace aliiacha Biblia magotini. Hata yeye hakuweza kuvunja desturi hiyo, kwani mwaka jana, alipougua mapafu, walimwacha aseme siku nzima juu ya shule za zamani na hakuna aliyemkatiza.

"Uliomba?" aliuliza Domitille.

"Niliomba, maman. Tangu komunyo ya kwanza. Nilikuwa naamka asubuhi, najiangalia kama Mungu amenibadilisha. Nilifunga chakula. Nilienda kwa bale ba maombi, balinimwangia mafuta mpaka shati ikaharibika. Mungu alininyamazia. Sasa Pasaka hii nikamuambia: basi, mimi ni huyu, unifanye yenye unataka. Ule usiku nililala vizuri, mara ya kwanza."

Marcelline alisimama na birika mkononi. Shati lile alilikumbuka. Alikuwa amelifua mara tatu akamlaani muuza nguo wa mitumba, na mtoto alimwacha aamini hivyo. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa, akageukia ukuta.

Ignace aliishika Biblia iliyofungwa, akaigeuzageuza.

"Ule kipofu wa njiani," alisema mwishowe, polepole. "Yesu alimuuliza: unataka nikufanyie nini? Kila mutu alikuwa anaona kama ule ni kipofu. Yesu pia aliona. Lakini aliuliza. Nilifundisha ile somo mpaka nikapata mvi, na sikujiuliza hata siku moja sababu gani aliuliza." Alikohoa. "Sasa wewe. Unataka tukufanyie nini?"

"Batoto barudi ku ubao," alisema Gloire. "Na nisipelekwe Kamituga."

"Kamituga gani?"

"Jumatatu. Papa anasema ku mashimo nitakuwa mwanaume."

Vichwa vyote viligeukia dirishani, na Venant hakuwa na pa kujificha. Aliingia akavua kofia.

"Papa Venant," alisema Domitille, "ni kweli?"

"Ni mutoto wangu."

"Hakuna mutu anasema ni wa jirani. Nakuuliza kitu kingine. Mugonjwa, banamupeleka mu mashimo? Mimi sijaona. Kama iko mugonjwa, abaki nyumbani, apate uji. Na kama haiko mugonjwa, sisi bote na sabuni yetu tumekuya hapa kufanya nini?"

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Venant alifungua mdomo. Miaka mingi alikuwa ameshinda kwa kunyamaza, lakini siku ile maneno yalimtoka yote kwa pamoja.

"Munaniuliza mimi? Nyinyi? Munajua vile bananichekaka? Kule kazini ni bageni, basi, bacheke. Lakini hapa? Mwalimu, wewe ulikuwa unapita mbele ya nyumba yangu kila siku unaenda misa. Sasa unazunguka ku choo ya shule. Nilikuona! Batoto yenu balijua kuhesabu hapa, mu hii yadi, na mulibatoa moja moja kama bantu banatoa vitu mu nyumba inawaka moto. Munafikiri mimi nataka shimo imumeze mutoto wangu? Nilitaka nimutoe mbele ya macho yenu! Mbele ya macho yenu tu!"

Alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Gloire alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akisema maneno mengi hivyo, na hakuwa amejua kwamba yeye ni mtoto anayefichwa na si mtoto anayefukuzwa. Halikuwa jambo dogo kulijua.

Ignace aliinamisha kichwa. Alikuwa kweli anazungukia chooni kwa shule, na njia ile inanuka.

"Ni mimi niliomba jina yake isomwe," alisema Domitille. "Nilitaka tumuombee, na sikupata fasi ingine ya kumuweka. Kwetu kuko wagonjwa, kuko bale bamekufa, kuko bale banaoa. Nikasema, basi, wagonjwa. Haikuwa vizuri, Marcelline. Ulisema aksanti, na mimi nilisikia vile ulisema."

Alisimama, akamwekea Gloire mkono kichwani, akasali kwa sauti yake ya kila siku, bila kupiga kelele.

"Mungu Baba, mimi Domitille sielewi. Sitakudanganya mbele ya bantu kama nimeelewa. Lakini huyu mutoto nilimushika siku ya ubatizo, alilia kama bengine, na padri alimumwangia maji yenye unamwangiaka bote. Umulinde mu nyumba ya baba yake. Na sisi, utulindie midomo. Amina."

"Amina," walisema, wengine kwa nguvu na wengine kwa adabu tu. Mama mmoja hakusema. Alitoka bila kunywa chai, na hajarudi tena katika nyumba ile mpaka leo.

Ikabaki zamu ya mwenye nyumba. Venant alisimama, akawashukuru kwa kuja, kwa sabuni, kwa ndizi. Walimngoja aseme mgonjwa anaendeleaje. Alimtazama Gloire na blanketi lake, kisha akakaa bila kusema.

Sukari waliiacha mezani. Jumapili baada ya misa Gloire aliitazama, akaitazama chai yake.

"Maman, tuifungue."

"Ile ni sukari ya mugonjwa," alisema Marcelline, akaipandisha juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Wakanywa chai chungu wote watatu. Venant alikunja uso kila alipopiga funda, ila hakuuliza.

Jumatatu asubuhi honi ya lori ililia barabarani. Begi la Gloire lilikuwa tayari mlangoni, dogo sana kwa mtu anayehama. Marcelline alikuwa amesimama mbele ya begi lile na mwiko mkononi, na haijulikani alikusudia kumpiga nani. Venant alivaa kofia yake ya kazi, akaliangalia begi.

"Mungoje," alisema, akapanda ngazi za udongo peke yake.

Juu barabarani Hugues alikuwa ameegemea lori, miwani ya jua usoni, majirani wamejipanga vibarazani wakijifanya wanapiga mswaki.

"Iko wapi ule kijana?"

"Haende."

"Namna gani haende? Ulinipigia simu mara ine! Nimemupatia fasi, nimesema na bantu!"

Venant alitazama magurudumu. Jambo la kweli lilikuwa mdomoni kabisa, lakini vibaraza vilikuwa vimejaa, na ujasiri haumjii mtu kwa siku moja.

"Iko mugonjwa," alisema. "Hata shirika bote balikuya kumuona."

"Mugonjwa wa nini?"

"Si bamesema ni mugonjwa!" alifoka Venant, kana kwamba mdogo wake ndiye aliyeuliza vibaya. "Nimuweke mu lori na ugonjwa? Uende, Hugues. Salimia muke yako."

Lori likaondoka. Gloire, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi, alisikia kila neno. Alifungua begi akarudisha nguo mahali pake, moja moja.

"Amenisaidia na uongo," alimwambia mama yake.

"Amekusaidia," alisema Marcelline. Alikuwa na furaha kiasi cha kutaka kuimba, na alimhurumia mumewe, na alimkasirikia. "Papa yako anafunguaka geti polepole. Lakini anafungua."

Jumatano zamu ya shirika ilikuwa kwao wenyewe. Marcelline alifagia yadi tangu asubuhi, akaazima mabenchi, huku akijiambia kwamba hakuna atakayekuja. Walikuja, ingawa si wote. Nafasi tatu zilibaki wazi, na kila mtu alijua ni za nani. Ignace alifika kwa njia ya mbele ya nyumba, viatu vyake vikiwa na tope la pale, akavipangusa mlangoni kwa makusudi ili vionekane. Domitille alikuja na mjukuu wake Elodie, daftari kwapani.

"Hesabu za sehemu zimemushinda," alimwambia Gloire, bila salamu. "Nimetazama ile yenye iko ku ubao, na mimi imenishinda. Kesho umuanzie."

"Kesho saa ya kila siku," alisema Gloire, akalipokea daftari.

Walisoma, walinyamaza, waliimba. Wakafika kwenye wagonjwa. Mzee wa presha ameanza kutembea, Mungu ashukuriwe. Bibi Eulalie mguu bado, na sasa amebaki peke yake, maana bintiye amerudi kijijini Mumosho kulima. Ignace alisita. Alimtazama Domitille, na Domitille akatazama mbele.

"Na mutoto wa..."

"Mwalimu."

Venant alikuwa amesimama. Hakuwa mtu wa kusema katika shirika. Wengine waliijua sauti yake kwa nyimbo tu, tena alikuwa anaimba kwa chini.

"Jumamosi mulingoja niseme mugonjwa anaendelea namna gani. Sikusema. Jumatatu nilisema uongo kule barabarani, na bengi hapa mulinisikia, mulikuwa munapiga mswaki." Watu wawili walikohoa. "Sasa nasema. Mumutoe mu wagonjwa. Hakugonjwa. Ni Gloire, mutoto wangu. Mimi bado najifunza kumuangalia, na njia iko murefu. Kama munataka kumuombea, mumuombee kama munaniombea mimi, na kama ninawaombea nyinyi. Ni ile tu."

Akakaa haraka, kama mtu aliyevuka daraja la mti mmoja. Marcelline hakumgeukia. Alimsogezea tu mguu wake chini ya benchi mpaka viatu vyao vikagusana.

"Ametoka mu wagonjwa," alisema Ignace, kwa sauti ya darasani. "Bon. Abaki Eulalie. Nani anaenda kumuona Jumamosi na Maman Domitille?"

Kilima cha Eulalie ni kikali, na mvua ilikuwa imeanza tena kunguruma upande wa ziwa. Watu walitazama kucha zao.

"Mimi," alisema Gloire.

Domitille aligeuka na benchi lake zima. "Unajua kazi? Unauliza, unanyamaza, unasikiliza. Hata akiongea juu ya ng'ombe ya baba yake mpaka jioni."

"Najua, maman. Balinifanyia."

"Na haukuye mikono mitupu."

Gloire alimtazama mama yake. Marcelline alikuwa ameshainuka. Alivuta kiti mpaka kabatini, akapanda, akasukuma sufuria kubwa kando, akateremsha pakiti, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kikwembe. Ilikuwa bado imefungwa kama siku ilipoletwa. Akaiweka mikononi mwa mtoto wake mbele ya shirika zima.

Domitille alikaza macho. "Marcelline! Ile si sukari yangu?"

"Ni yenyewe, maman," alisema Marcelline. "Hapa kwetu ilikosa mugonjwa."